Daraja la Kwanza Mkononi: Chevening, Jumuiya ya Madola, Erasmus Mundus au Ukufunzi Msaidizi?

Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mhitimu wa shahada ya kwanza mwenye GPA (wastani wa alama) ya 4.4 hadi 5.0 hutunukiwa daraja la kwanza, na mwenye 3.5 hadi 4.3 hutunukiwa daraja la pili la juu. Ninawaandikia hasa watu wa makundi haya mawili, kwa sababu ndio ambao, matokeo yakishatoka, hurushiwa viungo vya ufadhili wa shahada ya uzamili katika makundi ya WhatsApp usiku na mchana, kila kiungo kikiwa na maneno "ufadhili kamili" na picha ya jengo kongwe la mawe. Kwa mbali vyote vinafanana. Ukivisoma kwa utulivu unakuta vinatofautiana kiasi kwamba mtu anayefaa kabisa kwa kimoja huenda hana hata haki ya kuomba kingine.

Nianze kwa kutenganisha mambo matatu ambayo katika mazungumzo yetu yote huitwa "skolashipu". Tuzo ni zawadi ya kazi iliyokwisha kufanyika. Vyuo vyetu huwapa wanafunzi bora cheti, na mara nyingine fedha kidogo kutoka kwa mfadhili. Fedha hiyo, kwa niliyoyaona, huisha kabla joho halijarudishwa. Faida ya tuzo iko katika wasifu: mstari mmoja unaosema ulikuwa wa kwanza katika fani yako, na mlikuwa wanafunzi wangapi, humsaidia msomaji wa maombi aliyeko Leuven au Leeds ambaye hajui 4.6 ya Mlimani ina uzito gani.

Mkopo ni kitu kingine. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, ndiyo iliyowalipia wengi wetu ada na kutupa lile bumu, yaani fedha ya kujikimu, lililotuweka mjini, na mnufaika aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi mpaka deni liishe. Tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya fedha iliondolewa mwaka 2021, na hiyo ilikuwa nafuu kubwa, lakini deni lenyewe lipo palepale, na kupata ufadhili wa shahada ya uzamili nje ya nchi hakulifuti. Ufadhili, kwa maana halisi, ni fedha usiyoirudisha. Unachorudisha ni masharti. Samia Scholarship, iliyoanza mwaka wa masomo 2022/2023 kwa waliofaulu vizuri sana masomo ya sayansi kidato cha sita, ni ufadhili wa namna hiyo, ila unamhusu anayeingia shahada ya kwanza. Kwa aliyekwisha kuhitimu, hiyo ni habari ya kumpelekea mdogo wake aliyeko sekondari.

Mhitimu mmoja wa uhandisi, binti mwenye 4.5, alinifuata katika mgahawa mmoja pale Survey akiwa na daftari lililochorwa mistari miwili ya kugawa ukurasa. Safu ya kwanza aliiandika "Erasmus Mundus", ya pili "Chevening", ya tatu "Madola", majina ya fadhili tatu za uzamili nitakazozieleza hapa chini. Chini ya Erasmus alikuwa ameandika "euro 1,400 × miezi 24 = euro 33,600" na kuzungushia duara mara mbili. Chini ya nyingine mbili aliandika "wanalipa kila kitu", bila duara.

"Dada, hii hapa ndiyo kubwa kuliko zote," alisema, akigonga duara kwa kalamu.

Hesabu yake ilikuwa sahihi na swali lilikuwa si sahihi, nami nilimwambia hivyo kwa upole zaidi ya ninavyoandika hapa. Kiasi cha posho ni jambo la tatu au la nne kwa umuhimu. La kwanza ni kama una haki ya kuingia mlangoni.

Chevening ni ufadhili wa serikali ya Uingereza ulioanza mwaka 1983, wa shahada ya uzamili ya mwaka mmoja katika chuo chochote cha huko kinachotambuliwa. Daraja lako linahitajika, lakini halitoshi, kwa kuwa wanataka angalau saa 2,800 za uzoefu wa kazi, ambazo wao wenyewe huzihesabu kuwa kama miaka miwili. Ukizigawa kwa saa 40 za wiki unapata wiki 70 kamili. Kazi ya mkataba inahesabika, na kujitolea pia kunahesabika. Lakini wiki za field, yaani mafunzo kwa vitendo, zilizokuwa sehemu ya lazima ya shahada yako usiziwekee matumaini. Maana yake ni kwamba mhitimu aliyevaa joho mwezi Novemba, hata angekuwa wa kwanza chuo kizima, mwaka huu Chevening si yake. Nimeona vijana wakitumia mwezi mzima kuandika insha za uongozi, mahusiano, masomo na mpango wa kazi, kisha wanafika kwenye ukurasa wa uzoefu na kukwama. Wangeanza na ukurasa huo wangeokoa mwezi.

Na hata kwa mwenye saa zake, Chevening haitafuti kwanza mwanafunzi hodari wa darasani. Inatafuta mtu atakayekuwa na sauti nchini kwake baada ya miaka kumi, na ndiyo maana inauliza umeongoza nini na unajuana na nani. Mtu mwenye 3.7 aliyeanzisha kituo cha msaada wa kisheria Temeke anaweza kumpita mwenye 4.8 ambaye historia yake yote iko maktaba. Wapo wanaoona hilo ni dhuluma kwa wenye akili. Mimi naona ni suala la kusoma tangazo: kila mfadhili ananunua kitu fulani, na huyu ananunua viongozi.

Ufadhili wa Jumuiya ya Madola una mlango tofauti. Mpango huu uliafikiwa Oxford mwaka 1959, nao una matawi kadhaa, mawili yakiwa yanamhusu zaidi mhitimu wa hapa. Tawi moja la uzamili hupitia wakala wa kitaifa wa uteuzi, ambaye kwa kawaida ni wizara inayosimamia elimu, au taasisi nyingine zilizoidhinishwa. Tawi la pili ni ule ufadhili wa pamoja ambao gharama zake hugawanywa kati ya serikali ya Uingereza na chuo chenyewe, nao ndio ninaouona umetengenezwa kwa ajili ya kijana wa Mbagala au Gongo la Mboto mwenye matokeo mazuri na mfuko mtupu. Unadai daraja la pili la juu au zaidi. Unadai uoneshe kwamba usingeweza kujilipia masomo hayo, pamoja na taarifa za kipato cha familia. Na unamkataa aliyekwisha kusoma au kufanya kazi mwaka mmoja au zaidi katika nchi yenye kipato kikubwa. Hakuna saa 2,800. Kilichobanwa ni kozi: si kila chuo wala kila programu imo, bali zile tu ambazo vyuo vimeziorodhesha chini ya mada sita za maendeleo, kuanzia sayansi na teknolojia hadi uimarishaji wa mifumo ya afya. Unaomba mara mbili, yaani chuoni na kwenye tume ya ufadhili, na wanaosahau maombi ya chuoni ni wengi kuliko unavyodhani.

Erasmus Mundus, mpango wa Umoja wa Ulaya ulioanza mwaka 2004, ndio wenye mlango mpana kuliko yote kwa mtu anayetoka darasani moja kwa moja. Hakuna sharti la jumla la uzoefu wa kazi, na hata aliye mwaka wa mwisho anaweza kuomba mradi atamaliza kabla masomo hayajaanza. Hapa daraja la kwanza lina nguvu yake yote, kwa sababu anayechagua si wanadiplomasia bali ni walimu wa programu husika, kundi la vyuo vya nchi mbalimbali vinavyofundisha kwa pamoja, na mwalimu akishika transkripti hutazama kwanza hesabu ulizosoma na alama zake. Unasoma katika nchi mbili au zaidi. Unaomba kwenye programu yenyewe, na kila programu ina fomu yake na tarehe yake ya mwisho.

Baada ya mlango ndipo tulirudi kwenye duara la yule binti. Euro 1,400 kwa mwezi ni fedha ya kweli, lakini ni kapu moja: nauli ya ndege, viza, kuanza maisha na kujikimu vyote vinatoka humo humo, ingawa ada na bima hulipwa pembeni. Tulikaa tukahesabu nyuma ya daftari. Tiketi ya kwenda. Viza. Dhamana ya chumba katika mji wa kwanza, ambayo mara nyingi ni kodi ya mwezi mmoja au miwili inayokaa kwa mwenye nyumba. Baada ya muhula au mwaka unahamia nchi ya pili, na dhamana ya chumba cha pili hudaiwa kabla ya cha kwanza kurudishwa. Zaidi ya hayo, baadhi ya nchi za Ulaya hazitoi viza ya masomo hapa Dar es Salaam. Austria, kwa mfano, inaihudumia Tanzania kutoka ubalozi wake wa Nairobi, hivyo kuna safari ya Nairobi ambayo hakuna mfadhili atakayekurudishia kabla posho ya kwanza haijaingia. Chai ilipoa, duara likabaki palepale, ila pembeni yake pakawa na mistari sita ya kutoa.

Chevening na Madola hulipa kwa mtindo mwingine: ada moja kwa moja chuoni, tiketi ya kwenda na kurudi, viza, na posho ya mwezi inayokusudiwa kula na kulala tu. Ukilinganisha jumla ya posho kwa miezi yote ya masomo utaona Erasmus imeshinda. Ukilinganisha mtu anavyofika na kiasi gani mfukoni wiki ya kwanza, mambo yanageuka. Kwa anayetoka familia ambayo haiwezi kumkopesha hata laki tano, mtindo wa Uingereza ni salama zaidi. Madola wana vijambo viwili vinavyoonesha kwamba aliyeandika kanuni aliwahi kukutana na mwanafunzi wa nchi za joto: posho ya mavazi ya baridi, na posho ya mtoto kwa mzazi aliye peke yake. Chevening hailipii mume, mke wala mtoto.

Zote, hata hivyo, zina gharama ya kabla ya ushindi, na hiyo hakuna tangazo linaloisema kwa herufi kubwa. Pasipoti ni shilingi 150,000. Mtihani wa Kiingereza ni ghali kuliko pasipoti, ingawa vyuo kadhaa hukubali barua ya chuo chako inayothibitisha kwamba lugha ya kufundishia ilikuwa Kiingereza. Ulizia barua hiyo kabla hujalipia mtihani. Na baada ya ushindi, anayekwenda Uingereza kwa zaidi ya miezi sita lazima apimwe kifua kikuu katika kituo kilichoidhinishwa.

Sasa masharti ya kurudi, ambayo vijana huyapita haraka na wazazi huyauliza kwanza. Chevening inakutaka urudi nyumbani na kukaa angalau miaka miwili baada ya masomo. Madola nao wanataka urudi ukishamaliza. Erasmus Mundus haikufungi: ukimaliza ukapata uzamivu Ujerumani au kazi Uholanzi, ni juu yako na sheria za uhamiaji za huko. Kwa hiyo anayelenga uzamivu mfululizo bila kurudi, Erasmus ndiyo njia yake, na kumsukuma kwenye Chevening ni kumwekea kizuizi cha miaka miwili katikati ya safari. Anayelenga kazi serikalini au katika taasisi za hapa hapotezi chochote kwa sharti la kurudi. Pengine linamfaa, kwani linamrudisha wakati majina ya waliomfahamu bado hayajabadilika maofisini.

Njia ya nne haipeperushwi WhatsApp, na kwa maoni yangu inadharauliwa bila sababu. Vyuo vikuu vya hapa huajiri Wakufunzi Wasaidizi kutoka kwa wahitimu wenye GPA ya kuanzia 3.8, kwa miongozo ya Tume ya Vyuo Vikuu. Mtu huyo anaingia kwenye ajira, anasimamia semina na maabara, kisha anatarajiwa kwenda kusoma uzamili ili apande kuwa Mhadhiri Msaidizi, ngazi ambayo kwa kawaida inadai wastani wa 4.0 katika uzamili huo. Chuo humpa ruhusa ya masomo, na wakati mwingine humtafutia fedha. Mradi wa elimu ya juu wa HEET, uliogharimiwa na Benki ya Dunia kwa mkopo wa dola milioni 425 kuanzia mwaka 2021, umekuwa na sehemu ya kuwasomesha wanataaluma wa vyuo vya umma. Kwa upande mwingine unasaini mkataba wa kurudi kukitumikia chuo, na nafasi zenyewe hutangazwa chache na kwa msimu usiotabirika.

Ukiiweka njia hii kando ya nyingine tatu unaona jambo la ajabu: haishindani nazo. Mkufunzi Msaidizi wa miaka miwili amekwisha kupata saa za Chevening. Ana wadhamini wanaomjua kwa kazi, si kwa namba ya usajili. Na anakatwa deni la Bodi akiwa na mshahara badala ya kulipisha wazazi. Kwa kijana ambaye wadogo zake watatu wanamtegemea, ningemshauri aanze hapa na aende nje baadaye, hata kama rafiki zake wataposti theluji kabla yake.

Nyingine nazigusa kwa ufupi. Gates Cambridge, iliyoanzishwa mwaka 2000 kwa mchango wa dola milioni 210, ni ya chuo kimoja na ushindani wake ni wa dunia nzima; omba kama mwalimu wako anasema kwa dhati kwamba utafiti wako unastahili, vinginevyo muda wako una kazi nyingine. DAAD, shirika la ufadhili wa masomo la Ujerumani, ina mpango wa kusomea ndani ya Afrika ambao hutaka shahada yako ya mwisho isiwe imepita miaka sita, na mwingine wa kozi za maendeleo huko Ujerumani unaodai miaka miwili ya kazi. Watu huchanganya miwili hii kila mwaka. Ufadhili wa Mastercard Foundation katika vyuo kama Makerere na Cape Town unamfaa mwenye kipaji na hali ngumu ambaye hataki kwenda mbali.

Kalenda ndiyo inayoamua mengi, nayo haikupangwa kwa ajili yetu. Chevening hufunguliwa Agosti na kufungwa kabla mahafali ya Novemba hayajafika. Erasmus nyingi hufunga kati ya Desemba na Januari. Ufadhili wa pamoja wa Madola hufungwa kwa kawaida Desemba. Maana yake ni kwamba miezi ya kusubiri transkripti ndiyo hiyo hiyo ya kutuma maombi, hivyo matokeo ya muda yenye muhuri yawe tayari, na wadhamini waombwe wakati wangali wanakukumbuka. Mimi mwenyewe, mwaka wangu, nilimwachia mwalimu mmoja karatasi yenye jina langu tu na tarehe ya mwisho. Barua ilikwenda kwa wakati, nzuri, ya kurasa mbili, ikimsifu mvulana mmoja wa darasa la mwaka uliotangulia. Jina lake lilikuwa limebaki katika aya ya pili na ya nne. Sikupata ufadhili ule. Tangu hapo kila anayeniomba ushauri namtaka ampelekee mdhamini ukurasa mmoja wenye kozi alizomfundisha, alama alizopata, mada ya mradi wake wa mwisho na ufadhili anaouomba, ili mwalimu aandike kuhusu mtu badala ya kufungua barua ya zamani.

Yule binti alifungua ukurasa mpya. Aliiacha Erasmus kwenye safu ya kwanza na kuorodhesha chini yake programu tatu za nishati na maji zenye vyuo katika nchi ambazo balozi zake zipo Dar es Salaam. Madola aliipandisha safu ya pili. Safu ya tatu aliandika "Ukufunzi Msaidizi", na Chevening akaihamishia jalada la nyuma pamoja na mwaka ambao saa zake zitakuwa zimetimia. Kisha akauliza kama ofisi ya Uhamiaji ingekuwa bado wazi saa hiyo, kwa sababu pasipoti hakuwa nayo.